Nta Kisimani: Kukwangua au Kuzuia?

Mafuta ghafi ya Ziwa Albert upande wa Uganda na yale ya Lokichar huko Turkana yana tabia moja: ukiyaacha kwenye ndoo kivulini, huganda. Hayana salfa nyingi na viwanda vya kusafisha huyapenda, lakini yamejaa nta. Kwa sababu hiyo bomba la Afrika Mashariki, kilomita 1,443 kutoka Kabaale wilayani Hoima hadi Chongoleani, Tanga, limebuniwa na nyaya za umeme za kulipasha moto pamoja na tabaka la kuhifadhi joto, ili mafuta yabaki juu ya nyuzi 50 za Selsiasi njia nzima. Kenya nayo, ilipoanza mwaka 2018 kusafirisha mafuta ya majaribio ya Turkana kwa malori hadi Changamwe, Mombasa, ilitumia matangi yanayopashwa joto.

Habari za bomba kubwa zimeandikwa sana. Lakini nta haisubiri bomba kubwa. Huanza kujikusanya mapema zaidi, ndani ya kisima chenyewe, kwenye bomba jembamba la kupandishia mafuta ambalo watu wa kazi huliita tubingi. Huko hakuna kamera wala waandishi wa habari, na ugomvi wa namna ya kuishughulikia ni wa siku nyingi.

Nimewaketisha watu watatu. Ni wa kubuni, ila hoja zao ni zile zinazogombaniwa kila mahali penye mafuta ya namna hii. Kuna mzee wa Tanga aliyemaliza ujana wake kwenye kazi ya waya, kwanza jangwani Oman, kisha Sudan Kusini. Kuna mkemia, binti wa Mombasa. Na kuna mhasibu kijana kutoka Dodoma, anayemwakilisha yule ambaye mwishowe hulipa.

MHASIBU: Shikamoo Mzee. Niruhusuni nianze, maana mimi ndiye nisiyejua. Hiyo nta inaingiaje kisimani?

MZEE: Marahaba. Haiingii, mwanangu. Imo tangu mwanzo.

MKEMIA: Ni sehemu ya mafuta yenyewe. Minyororo mirefu ya kaboni, kuanzia atomi 18 hivi hadi 60 na zaidi. Kule chini kwenye mwamba kuna joto, kwa hiyo imeyeyuka na huioni. Mafuta yakianza kupanda, yanapita kwenye ardhi inayozidi kupoa, nyuzi 2 au 3 kwa kila mita 100. Gesi nayo inatanuka, inajitenga, inaondoka na joto, na inaondoka pia na ile sehemu nyepesi iliyokuwa ikisaidia nta ibaki imeyeyuka. Inafika mahali chembe za kwanza zinajitokeza. Sasa, humo ndani hakuna kilichopoa kuliko ukuta wa tubingi. Basi nta inashika ukutani.

MHASIBU: Ikishika ukutani tunapoteza nini? Si bado kuna nafasi katikati?

MZEE: Chukua tubingi yenye upana wa inchi 3 kwa ndani. Nta ya nusu inchi imeizunguka. Umebakiwa na inchi 2.

MHASIBU: Theluthi moja imekwenda.

MZEE: Hiyo ni hesabu ya rula. Mafuta hayapiti kwenye rula, yanapita kwenye duara. Piga eneo la duara uone: njia imebaki chini ya nusu.

MKEMIA: Na msuguano ni mbaya zaidi. Kupitisha kiasi kilekile cha mafuta kwenye inchi 2 badala ya 3 kunadai msukumo unaozidi ule wa kwanza zaidi ya mara 7. Kisima hakina msukumo wa akiba namna hiyo. Kinachoshuka ni mapipa.

MHASIBU: Basi tukwangue, yaishe! Lori la waya, watu wachache, kisu. Dawa za kemikali tunaagiza nje kwa dola.

MZEE: Mnasema "kisu" kana kwamba ni cha kupaka siagi. Ni bomba fupi la chuma lenye ukingo mkali, jembamba kidogo kuliko tubingi. Juu yake kuna vyuma vya uzito, na juu ya vyuma kuna waya mmoja tu, unene wake haufiki milimita 3. Unakiingiza kupitia lubriketa, lile bomba refu linalosimamishwa juu ya kichwa cha kisima, ili gesi isikurukie usoni. Unateremsha taratibu, macho kwenye geji. Uzito ukipungua ghafla, ujue kisu kimekalia nta. Hapo ndipo vijana wanapoharibu kazi: wanataka kupasua yote kwa mkupuo mmoja. Unakata mita mbili tatu, unavuta juu, unaacha mafuta yabebe vipande, unarudi tena. Na kisima kiwe kinatiririka, choki, vali ya kudhibiti mtiririko, imefunguliwa kidogo. Ukikata kisima kikiwa kimefungwa, vipande vinajazana juu ya kisu. Utavuta waya mpaka ukatike.

MHASIBU: Ukikatika?

MZEE: Unatafuta kazi nyingine. Natania. Unaleta vifaa vya kuvulia, na siku zinakwenda, na kisima hakitoi kitu. Lakini kisu kikitoka salama, nta iliyobaki kwenye ukingo wake inakupa habari. Ile changa ni laini, ya kahawia, unaifinyanga kwa vidole na ina harufu ya dizeli. Ile iliyoachwa miezi ni nyeusi, ngumu, unaibandua kwa bisibisi. Na kaunta ya waya imeshakwambia imeanzia mita ngapi. Dawa yenu haisemi hayo.

MKEMIA: Hiyo ngumu ndiyo hoja yangu, Mzee. Nta ikikaa inakomaa. Mafuta yaliyonaswa ndani yake yanatoka pole pole, na minyororo mirefu zaidi inaingia kuchukua nafasi. Mkiiacha hadi mapipa yapungue ndipo muite lori, mnakuta kitu kigumu kuliko ambavyo kingekuwa. Halafu kuna jambo jingine. Kisima kikichoka kinawekewa pampu. Mkiweka pampu inayoendeshwa kwa fito kutoka juu, fito zimeziba njia. Kisu kitapita wapi?

MZEE: Hakipiti. Kuna vikwanguo vya plastiki vinavyobanwa kwenye fito zenyewe. Fito zikipanda na kushuka, vinakwangua.

MKEMIA: Na pampu ya skrubu, ambayo fito zake zinazunguka tu, hazipandi wala kushuka?

MZEE: Hapo umenipata. Nikupe na mimi: pampu ya umeme inayozamishwa chini. Juu yake tubingi iko wazi na kisu kinapita bila taabu.

Hapa niwakatishe. Nta hii haijawahi kuwa ngeni kwa wachimbaji. Mwaka 1859, visima vya kwanza vya Titusville, Pennsylvania, vilipoanza, wafanyakazi walilalamikia uji mzito uliokuwa ukishika kwenye fito za pampu na kuzikwamisha. Kijana mkemia aliyeitwa Robert Chesebrough aliuchukua, akausafisha, na mwaka 1872 akapata hataza ya Vaseline. Yaani mafuta ya mgando tunayowapaka watoto baada ya kuoga yalianza kama kero ya kisimani. Wenye visima hawakuwa na subira ya Chesebrough. Kuanzia 1865 walinunua torpedo za Edward Roberts, makopo ya baruti yaliyoteremshwa hadi chini na kulipuliwa, kupasua mwamba na kufungua visima vilivyozibwa na parafini. Ukilinganisha na hapo, waya wa Mzee ni ustaarabu mkubwa.

MHASIBU: Nimesoma kuna lori la mafuta ya moto. Unapasha mafuta, unayapiga pampu kwenye ule uwazi kati ya tubingi na kesingi, bomba pana linaloizunguka, nta inayeyuka. Bei yake si mbaya.

MZEE: Hilo usinitajie.

MKEMIA: Leo tumekubaliana! Kaka, mafuta hayo yana moto juu tu. Yakishuka, joto linaliwa na chuma na ardhi. Yakifika kina kirefu ni vuguvugu. Sasa fikiria umeyeyusha nta ya juu na sehemu ya hayo mafuta imeshuka mpaka chini, kwenye yale matundu ambayo mafuta huingilia kutoka kwenye mwamba. Nta nzito inakwenda kutulia pale. Umetoa uchafu mahali ambapo kisu kingefika, ukaupeleka mahali ambapo hakuna kisu kinachofika.

MZEE: Na mara nyingi mafuta hayo wameyachota chini ya tangi, mahali ambapo nta imetua. Wanamwaga nta kuondoa nta.

MKEMIA: Kama kisima kina paka, ule mpira unaoziba uwazi huo kule chini, mafuta ya moto hayazunguki kabisa. Yanasimama juu yake, yanapoa.

MHASIBU: Sawa, nimeifuta. Dawa je?

MKEMIA: Dawa ziko za namna mbili, na watu huzichanganya. Kuna viyeyusho kama zailini, ambavyo huyeyusha nta iliyokwisha kushika. Vinafanya kazi, lakini vinashika moto upesi na mvuke wake si wa kuvuta. Sipendi kuona pipa la zailini karibu na ziwa. Namna ya pili ni kizuia nta. Hiki hakiyeyushi kitu. Kinajipachika kwenye chembe ya nta wakati inapozaliwa, kinaivuruga umbo, isiweze kushikana na mwenzake wala na ukuta. Kiasi ni kidogo. Kisima cha mapipa 500 kwa siku, ukitia sehemu 300 kwa milioni, ni lita 24 hivi.

MHASIBU: Lita 24 kila siku?

MKEMIA: Kila siku. Na lazima iingie mapema, chini ya pale chembe zinapoanza kujitokeza. Ukiitia juu kwenye kichwa cha kisima umeisaidia njia ya kwenda mtamboni, tubingi hujaisaidia. Kwa hiyo panahitajika mrija wa chuma, robo inchi, unaofungwa kwenye ubavu wa tubingi hadi chini.

MZEE: Sasa niulize mimi. Dawa inazuia yote?

MKEMIA: Hapana.

MZEE: Inayobaki inakuwaje?

MKEMIA: Wakati mwingine inakuwa ngumu zaidi, kwa sababu kilichozuiwa ni ile laini. Sikatai. Na dawa iliyofanya vizuri kwenye mafuta ya nchi nyingine inaweza kushindwa kabisa kwenye mafuta ya Turkana. Lazima uijaribu maabara kwa mafuta yako mwenyewe: unazamisha kijiti cha chuma kilichopozwa ndani ya mafuta ya moto, unapima nta iliyoshika, na dawa na bila dawa.

MZEE: Na meli ikichelewa? Barabara ikikatika? Sudan Kusini tulijifunza. Februari 2024, vita vya Sudan vilipofanya dizeli isifike kwenye vituo vya pampu, mafuta ya Sudan Kusini yaitwayo Dar yaliganda ndani ya bomba la kwenda Port Sudan. Mwezi wa Machi serikali ya Sudan ikatangaza kwamba haiwezi kutimiza mikataba yake, na tangazo hilo halikuondolewa hadi Januari 2025. Kilichokosekana ni dizeli tu. Mnataka visima vyetu vitegemee pipa la dawa kutoka ng'ambo.

MKEMIA: Lile lilikuwa bomba zima kuganda baada ya mafuta kusimama, Mzee. Si nta kushika ukutani mafuta yakiwa yanatembea. Ni magonjwa mawili.

MZEE: Mgonjwa ni yuleyule.

Mkemia ana haki ya kutenganisha. Kuganda kwa mafuta yaliyosimama na kujengeka kwa nta kwenye ukuta ni mambo mawili yenye dawa mbili. Lakini jibu la Mzee silitupi, kwa sababu yote mawili yana mzizi mmoja, nao ni joto. Hilo linatupeleka India, kwa watu waliopatwa na tatizo hili kwa ukali zaidi kuliko sisi.

MKEMIA: Mangala, Rajasthan. Waligundua mafuta mwaka 2004, wakaanza kuyazalisha mwaka 2009. Mwamba wao una joto linalozidi kwa nyuzi chache tu lile ambalo nta huanza kujitokeza. Kwa hiyo hata maji wanayorudisha ardhini kusukuma mafuta huyapasha moto kwanza. Wakiingiza ya baridi, nta inaweza kujitokeza mle mwambani, kabla hata mafuta hayajafika kisimani.

MHASIBU: Ziwa Albert nako si wamepanga kuingiza maji?

MKEMIA: Wamepanga, na baadhi ya mafuta yake yako mita mia kadhaa tu chini ya ardhi. Mwamba usio na kina hauna joto la kujivunia. Ndiyo sababu nasema joto lilindwe kuanzia chini. Kuna tubingi ya kuta mbili, katikati hewa imeondolewa, kama themosi ya chai. Mafuta yanafika juu yakiwa na moto wake.

MHASIBU: Bei?

MKEMIA: Usiniulize nikiwa nimesimama.

MZEE: Hakuna atakayenunua hiyo kwa visima zaidi ya 400 vya Tilenga, ule mradi wa Ziwa Albert. Baharini, kisima kimoja kinatoa maelfu ya mapipa, labda. Sumaku je? Kuna mtu aliniletea sumaku za kufunga kwenye tubingi, akaapa nta itakimbia.

MKEMIA: Ilikimbia?

MZEE: Yeye ndiye aliyekimbia.

  

MHASIBU: Mnanichanganya. Mzee anasema kisu, dada anasema dawa, na ninyi wote mnanitisha. Mwaka wa kwanza tunahitaji kipi?

MZEE: Mwaka wa kwanza huenda usihitaji chochote. Kisima kipya kinatoa kwa nguvu. Mafuta yanapanda haraka, hayapati muda wa kupoa, yanatokea juu bado yana moto. Utakwangua mara chache, meneja atajisifu, watasema nta si tatizo letu. Kisha miaka inapita. Mapipa 2,000 yanakuwa 800, yanakuwa 200. Mafuta yanapanda polepole, kila mita yanaachia joto. Pale pa kuanzia nta, palipokuwa mita 50 kutoka juu, panashuka hadi 300, hadi 500. Hapo ndipo unapoitwa kila wiki.

MKEMIA: Na hapo mapipa ni machache, kwa hiyo fedha za kuzuia hazipo tena. Nakubaliana na Mzee kabisa.

MZEE: Sijamaliza. Na wakati huo aliyechimba ameshaondoka. Kampuni ya Tullow iliuza sehemu yake ya Uganda mwaka 2020, na ya Kenya ikaiuza 2025, kabla hata uzalishaji wenyewe haujaanza. Siilaumu, biashara ni biashara. Lakini kisima hakihami. Kitabaki na ninyi wa mashirika ya taifa, na vijana wetu watakaokuwa wamejifunza kazi ya waya, au hawakujifunza.

Naona hapa ndipo penye kiini, na ndiyo sababu naudhika nikisikia watu wakijadili kisu na dawa kana kwamba ni Simba na Yanga. Kisima kichanga na kisima kizee havina tatizo moja. Uamuzi unaohusu kisima kizee, hata hivyo, hufanywa siku ile kikiwa bado hakijatoa pipa hata moja, wakati tubingi inapoteremshwa na mtambo wa kuchimbia ungali juu yake.

MHASIBU: Kwa nini siku hiyo? Si tunaweza kuongeza mrija wa dawa baadaye, ukihitajika?

MKEMIA: Mrija unafungwa ubavuni mwa tubingi inapoteremshwa. Siku hiyo gharama yake ni mrija wenyewe, vibano, na saa kadhaa za ziada. Miaka kumi baadaye, kuuweka ni kuleta mtambo, kuua kisima, yaani kukisimamisha kisitoe, kung'oa tubingi yote na kuirudisha. Kwa kisima cha mapipa 200 hakuna mhasibu atakayesaini.

MHASIBU: Mimi nisingesaini.

MZEE: Na siku hiyohiyo ndiyo waniachie njia. Wakiweka kipande chembamba cha tubingi mita 100 kutoka juu, kisu kinachopita hapo kitakuwa chembamba vilevile, na nta ya pembeni sitaigusa kamwe. Kama wameweka vali ya usalama, wajue imekaa palepale nta inapopenda kukaa. Kifuniko chake kikishikwa na nta, siku ya hatari hakitafunga. Hiyo si habari ya mapipa tena.

MHASIBU: Kwa hiyo mnataka vyote viwili. Mrija wa dada na njia ya Mzee.

MKEMIA: Nataka mrija hata kama miaka mitano ya kwanza hautapitisha tone. Na nataka kisu kipite mara moja kwa muda fulani hata dawa ikiwa inafanya kazi, kwa sababu kisu ndicho kitakachoniambia kama dawa inafanya kazi.

MZEE: Leo umenipendeza, binti yangu.

MKEMIA: Ila malori yako, Mzee. Pedi 10 za Tilenga, yale maeneo yenye visima vingi pamoja, ziko ndani ya hifadhi ya Murchison Falls. Kila safari ya lori ni vumbi na kelele mbele ya tembo. Dawa inapunguza safari hizo.

MZEE: Dawa nayo inaletwa kwa lori.

MKEMIA: Lori moja kwa visima vyote vya pedi, si lori moja kwa kila kisima.

MHASIBU: Niseme la kwangu sasa, maana mmenisahau. Mikataba ya Uganda ni ya kugawana uzalishaji. Mwekezaji hurudishiwa gharama zake kutokana na mafuta kabla ya mgawo. Mrija mnaoutaka utaingia kwenye gharama hizo. Maana yake, miaka ya mwanzo mgawo wa serikali unapungua kidogo ili kisima cha miaka 15 ijayo kiendelee kutoa. Mnataka niende kwa mkubwa nikamwambie apokee pungufu leo kwa ajili ya nta ambayo hajaiona.

MZEE: Mpeleke kisimani siku kisu kinapotoka. Aishike kwa mkono wake.

MHASIBU: Mzee, huyo hashuki kwenye gari.

MKEMIA: Basi mpelekee namba. Mapipa yanayopotea kisima kikiwa na nusu inchi ya nta, mara siku kinazofungwa kusubiri mtambo. Hesabu hiyo unaiweza kuliko sisi. Na Tilenga kuna mengi yaliyokwisha kuamuliwa. Turkana ndiko idadi kubwa ya visima vya uzalishaji haijachimbwa, kwa hiyo huko ndiko hesabu yako ina maana.

MHASIBU: Niandike mrija kwa kila kisima?

MKEMIA: Usiandike kila kisima. Mafuta ya mwamba mmoja si ya mwamba mwingine, hata kama visima vimekaa pedi moja. Wachukue sampuli kutoka kila mwamba, wapime joto ambalo nta inaanza, walinganishe na joto la mafuta kichwani mwa kisima kikiwa kinatoa robo ya uzalishaji wake wa mwanzo. Penye pungufu, mrija. Pasipo na pungufu, Mzee na waya wake wanatosha.

MZEE: Na anayeshika waya awe mtu wa hapo. Liandike hilo nalo.

MHASIBU: Hilo linaingia kwenye fungu la mafunzo, si la visima.

MZEE: Liandike popote, mradi lisifutwe.